Uso wa Bi Verna na Mikono ya Mzee Renzo

Siku niliyorudisha funguo za karakana, Déo aliniambia nisiondoke na maneno yangu. Alisema ninyi mlioingia kazini juzi mnaijua sanamu ya mama wa kuvusha watoto kule Newtown, mnapita mbele yake mkienda dukani, lakini hamjui ilitokaje mikononi mwetu. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha mimi na Déo tuliyoitumia kugombania visu na ndoo kwa miaka yote hiyo. Binti zangu nao watayasoma haya, kisha watanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yao.

Niliingia karakanani mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilizaliwa Isiolo, nikakulia Eastleigh, halafu nikaenda Torino, Italia, ambako kwa miaka tisa nilimwogesha na kumpikia bibi mmoja ambaye hakuwahi kulitamka jina langu sawasawa. Alipofariki nilichukua binti zangu wawili tukaja Birmingham, kwa sababu binamu yangu alisema hapa kuna shule nzuri na nyama halali kila kona. Tulipewa nyumba Newtown, ghorofa ya nane. Wiki ya tatu niliona kikaratasi kwenye ubao wa duka: anatakiwa mtu wa kufagia karakana, ajuaye Kiitaliano.

Aliyekibandika alikuwa Pauline, dereva wa basi kutoka mtaa wa Great Barr, mke wa Mzee Renzo, mwenye karakana. Aliniambia waziwazi kwamba amechoka kutafsiri. Kiitaliano chake alikiokota jikoni, na kila mumewe alipotaka kununua saruji yeye alijikuta anaagiza jibini.

Mzee Renzo Falghera alinifanyia usaili wa swali moja. Aliweka vipande viwili vya kadi ya kijivu mezani akauliza vinatofautianaje. Niliviangalia, nikamwambia kimoja kina wekundu ndani yake, kama chai ya maziwa iliyosahauliwa dirishani. Akavitia mfukoni, akanionyesha ufagio ulipo. Nilidhani nimefeli. Kumbe ndiyo nimeajiriwa.

Karakana wakati ule ilikuwa mtaa wa Washwood Heath, ghala la zamani lenye paa la bati na baridi ya kwake peke yake. Humo nilimkuta Déo. Ninyi mnamjua akiwa bosi mwenye miwani. Mimi nilimkuta mwembamba, amefika kutoka Uvira, Kongo, muda si mrefu, Mkristo wa kuimba zaburi akichanganya plasta. Kwao alikuwa fundi wa kujenga. Siku yangu ya kwanza nilimwaga maji juu ya unga wa plasta, nikakoroga kama uji wa wagonjwa, ikaganda ndani ya ndoo na mwiko umo. Déo aliutazama mwiko ule umesimama wima, akasema, "Hapana hivyo, Mama Hodan. Plâtre iko na haraka kuliko weye. Unamutupia unga mu maji pole pole, unamuacha azame mwenyewe, kisha ndiyo unamukoroga."

Hodan ni binti yangu mkubwa, na tangu siku hiyo Déo hakuniita jina lingine; Mzee Renzo yeye aliniita Signora, yaani mama kwa Kiitaliano. Basi shikeni hilo: unga juu ya maji, si maji juu ya unga. Na ndoo ya plasta haioshwi kwenye sinki. Bomba la karakana ile liliwahi kuziba mara moja, na fundi aliyekuja kulizibua aliongea maneno ambayo hata Pauline alikataa kututafsiria.

Kuhusu Mzee Renzo mwenyewe, niliyoyajua niliyapata kidogo kidogo. Baba yake alikuwa mchonga mawe ya makaburi katika mji mdogo chini ya milima ya Alpi, na yeye alianza kwa kuchonga herufi za majina ya marehemu akiwa na umri wa miaka kumi. Alipokua alikimbilia Milano akawa mchoraji. Alichora mashuka yaliyoanikwa: mashuka makubwa meupe kwenye kamba, kwa rangi ya unga iliyochanganywa na kiini cha yai. Watu waliyapenda. Wakataka mengine, halafu mengine tena, mpaka siku moja akiwa amevuka arobaini aligundua anachora shuka huku anawaza chakula cha mchana. Akaweka brashi chini. Akanunua gunia la udongo akaanza kufinyanga watu, kwa sababu, alivyoniambia, hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Birmingham alikuja kwa maonyesho ya wiki tatu. Alipanda basi lisilo lake, akalala, akafika mwisho wa njia. Dereva alikuwa Pauline. Yeye husema Renzo hakujua aseme nini kwa Kiingereza, ndipo akatoa karatasi akamchora usukani. Wiki tatu zile zikawa miaka kumi na mitano kabla mimi sijafika.

Nilifagia karibu mwaka mzima. Kisha asubuhi moja alinipa kisu cha nta, kile chembamba chenye mpini wa mti, akaniambia nikipashe moto nizizibe nyufa kwenye kiatu cha sanamu ya nta. Nilifanya. Akanipa kiatu cha pili, halafu koti zima. Nilipoona tunapanda kuelekea shingoni nilikiweka kisu mezani, nikamwambia kuna jambo. Mimi ni Mwislamu, nililelewa kwamba mtu hafinyangi uso wa kiumbe chenye roho. Najua wanachuoni wanabishana, lakini mimi sikuja kubishana. Koti nitafanya, kiti nitafanya, uso siwezi.

Nilitarajia acheke au aninunie. Hakufanya hata kimoja. Alifikiri kidogo akasema kwamba baba yake hakukubali kuchonga jina la mtu ambaye hajafa, hata mteja akilipa mapema, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. "Basi nyuso ni zangu," akasema. "Kuanzia kola kushuka chini ni zako."

Ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka. Makoti, viatu, vikapu, mikunjo ya sketi, vifungo: yote hayo yalikuwa yangu. Msikitini kina mama wakiniuliza nafanya kazi gani, nilisema nashona makoti ya nta. Mmoja alitaka kujua kama nina saizi yake.

Kosa langu kubwa nitalieleza, kwa sababu na ninyi mtalifanya. Mnajua utaratibu: udongo unatolewa kalibu, kalibu inatoa nakala ya nta, nta inawekewa mirija, inafunikwa plasta, inaingia tanuri, nta inayeyuka inatoka, na shaba inamiminwa mahali ilipokuwa nta. Mirija mingine ni ya kupitisha shaba, mingine ni ya kutolea hewa. Kwenye sanamu ya mzee aliyeketi nilisahau mrija wa hewa mgongoni. Shaba ilipofika pale ilikuta hewa imejifungia, na tulipobomoa plasta mgongo wa yule mzee ulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Wiki sita za kazi.

Déo alianza kusema huenda shaba ilikuwa baridi. Alikuwa ananifichia. Nilimwambia Mzee Renzo kwamba mrija nimeusahau mimi. Aliingiza mkono kwenye lile tundu, akazungusha vidole ndani, kisha akanieleza kwamba akiwa kijana aliwahi kuandika jina la mjane kwenye jiwe badala ya jina la marehemu, na mjane akaja na maua kuliona. Baada ya hapo alinituma nikaanze koti upya. Hakuitaja tena habari hiyo. Lakini tangu siku ile, kabla ya kufunika nta kwa plasta, huwa naihesabu mirija kwa sauti, na vidole navitumia. Mmeniona nikifanya hivyo mkacheka. Chekeni, lakini hesabuni.

Sasa nije kwa Bi Verna.

Pale Newtown, kwenye kivuko cha shule, alikuwapo mama mmoja wa Kijamaika aliyevusha watoto barabara kwa miaka mingi sana. Alivaa koti refu la manjano, akashika ile fimbo yenye bango la duara juu. Binti zangu aliwavusha miaka minne. Majira ya baridi ya kwanza, Hodan alikuwa na miaka saba, hajui Kiingereza, na kila asubuhi aliganda ukingoni mwa barabara akilia. Bi Verna aliniuliza kwetu tunasemaje. Nikamfundisha. Kuanzia hapo kila asubuhi alimnyooshea mkono akamwambia, "Haya, twende," kwa lafudhi ya Kingston, na mtoto akaenda. Baada ya muda kivuko kizima cha watoto, Wasomali, Wakongo, Wapakistani, Wazungu, walikuwa wanavuka kwa "haya, twende" bila kujua ni Kiswahili.

Alipofariki, wakazi waliamua awekewe sanamu palepale kivukoni, wakaja kwa Mzee Renzo. Alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Mwili ulikwenda vizuri: koti nilifanya mimi, na kwa koti lile sikuhitaji picha. Tatizo likawa uso. Mzee hakuwahi kumwona Bi Verna. Binti wa Bi Verna, Marcia, alituletea picha zote alizokuwa nazo, lakini marehemu hakupenda kamera. Kwenye kila picha alikuwa anageuka pembeni, au amekakamaa kwenye harusi ya mtu.

Mzee alifinyanga uso wa kwanza. Wakazi wakaja, wakasema ni mzuri sana. Mkikaa nchi hii mtajua maana yake: hawaupendi. Akafanya wa pili, na wa tatu. Wa nne Marcia aliutazama kwa muda mrefu, machozi yakamtoka, akasema kwa upole, "Huyu ni mama mwenye heshima zake. Lakini si mama yangu."

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo nililiona kabla sijaambiwa. Mzee Renzo alikuwa ameanza kuingiza mikono mfukoni. Alipotaka kuwasha gesi ya kupashia visu, alimwomba Déo. Asubuhi moja nilimkuta peke yake mbele ya ule udongo ameshika kijiti cha kufinyangia, na ncha ya kijiti inacheza hewani kama sindano ya cherehani. Aliponiona alikiweka chini. Aliniambia daktari ameshampa jina la ugonjwa na kwamba Pauline anajua. Uso wa nne haukushindikana kwa sababu ya picha peke yake.

Wakazi walitaka sanamu iwe tayari shule zitakapofunguliwa baada ya likizo ndefu, na udongo ulihitaji kutolewa kalibu ndani ya wiki mbili. Mzee alituita mimi na Déo, akasema ataandika barua kuirudisha kazi. Wangemtafuta mtu mwingine. Alisema hivyo akiangalia sakafu. Déo akamwambia, "Patron, mutu mwingine atafanya uso ya mutu mwingine." Nikamtafsiria Mzee, naye akaendelea kuangalia sakafu.

Nilirudi nyumbani nikiwa najua kitu ambacho wao hawakukijua. Mle karakanani, aliyeujua uso wa Bi Verna ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimeuona kila asubuhi kwa miaka minne, kwa umbali wa mkono mmoja. Nilijua kwa nini nyuso zote nne hazikuwa zake. Na nilikuwa nimeahidi kutofinyanga uso.

Nilimpigia simu mama yangu Eastleigh. Nilimweleza yote. Akauliza kama huyo mwanamke ndiye aliyekuwa akiwavusha wajukuu wake. Nikasema ndiye. Akauliza kama hiyo sanamu itawekwa mahali watu watakapoisujudia, au mahali watakaposubiri magari. Nikasema penye magari. Akasema, "Mimi si mwanachuoni, Sahra. Usinitwishe." Halafu akaniambia nimsalimie mzee wangu wa karakana, akakata simu.

Kesho yake nilimwambia Mzee Renzo kwamba sitaufinyanga ule uso, lakini naujua, na yeye anao mkono wa kuufinyanga. Kinachokosekana ni mkono huo kutulia. Nitaushika mimi.

Alikasirika. Ndiyo mara pekee aliyonikasirikia. Alisema yeye si mtoto wa kuongozwa mkono kama anayejifunza herufi. Alitoka nje, akakaa kwenye kreti uani kwa muda wa sigara mbili, ijapokuwa alikuwa ameacha sigara. Aliporudi alikuwa amevaa lile koti lake nene la sufi. Akavuta kigoda akaketi mbele ya udongo, akaninyooshea mkono bila kunitazama.

Nilimshika juu ya mkono wa koti. Hilo nalo, la kutogusa ngozi ya mwanamume asiye wangu, nilikuwa nimelifikiria, na kwa kuvaa koti lile ndani ya nyumba mwezi wa saba, wakati wa joto huku, nikajua na yeye amelifikiria. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye kifundo chake, wa kushoto chini ya kiwiko. Mtetemeko niliusikia ukipita kwenye mikono yangu mpaka mabegani. Nilijifunza kuusubiri. Kila baada ya muda ulipungua, na hapo yeye alikata, haraka, kwa uhakika ule ule wa zamani.

Nami nilikuwa naongea. Nilimwambia nyusi ya kulia ilikuwa juu kuliko ya kushoto, kwa sababu alikuwa anaangalia magari kwa jicho moja na watoto kwa jingine. Nilimwambia paji lake halikuwa na mikunjo. Mikunjo ilikuwa kando ya macho. Tulifika mdomoni tukakwama. Alifanya, nikasema sivyo. Alifanya tena, nikasema sivyo. Akaniuliza, sasa kwa ukali, sivyo namna gani. Nilifumba macho nikamwona pale kivukoni, gari likipiga honi na yeye hageuki.

"Alikuwa na peremende," nikamwambia. "Shavu la kushoto. Kila siku."

Mzee Renzo aliacha kazi akanitazama. Kisha alifanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Alilikata shavu lote la kushoto akaliweka pembeni. Akaniomba nimshike vizuri. Akaviringisha kidonge cha udongo, akakiweka ndani, mahali ambapo jino lingekuwa, halafu akalirudisha shavu juu yake kama mtu anayefunika mtoto. Mdomo ukapinda wenyewe.

Kazi ile ilituchukua siku tatu. Déo alikuwa anatushikia taa na kutulazimisha kula. Siku ya nne alikuja Marcia. Hatukumwambia lolote. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akasogea hatua mbili, akasimama tena.

"Ana peremende mdomoni," akasema.

Alikaa chini palepale sakafuni, juu ya vumbi la plasta, na nguo zake za kazini. Déo akamletea maji. Mzee Renzo alikuwa ameitia mikono mfukoni, anaangalia dirishani.

Kabla ya kufunika nta kwa plasta nilihesabu mirija ya hewa mara tatu. Shaba ilitoka nzima. Sanamu ilisimamishwa kivukoni wiki shule zilipofunguliwa, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umenyooshwa mbele. Hotuba zilikuwa ndefu, mvua ikanyesha, na Hodan, aliyekuwa tayari msichana wa sekondari mwenye aibu ya kila kitu, alikwenda akaushika ule mkono mbele ya marafiki zake.

Mzee Renzo hakufanya sanamu nyingine baada ya ile. Kwa muda alirudi kwenye uchoraji, akishika brashi pana kwa mikono miwili, na zile picha za mwisho, zenye mistari inayotetemeka, ndizo ninazozipenda kuliko mashuka yake yote. Karakana aliiacha kwa Déo na kwangu. Kila Alhamisi nilikwenda Great Barr kumwona. Alitaka habari za kazi, si za afya. Nilipomweleza kwamba watoto wanaushika mkono wa Bi Verna kila asubuhi mpaka rangi niliyoipaka imetoka na shaba inang'aa, alinikataza kuipaka tena. Basi na ninyi mkipigiwa simu kuhusu mkono ule, nendeni mkasafishe fimbo na koti, mrudi.

Mara ya mwisho tulipokaa pamoja, wiki chache kabla hajafariki, alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha na mikono yake iko chini ya blanketi. Aliniuliza kama ule uso unanisumbua. Hakuwa mtu wa dini. Alikuwa akisema anaamini uzito wa vitu tu. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia siku nyingine unanisumbua, siku nyingine hapana.

Nje magari ya barabara kuu yalikuwa yanavuma.

"Ukiulizwa huko," akasema, "sema mkono ulikuwa wangu."

Nikamwambia huko hakuna kudanganya, Mzee.

"Si uongo, Signora. Mkono ulikuwa wangu. Wewe ulinishika tu nisianguke."

Pauline akaingia na chai, akaiweka kwenye meza ndogo kati yetu, akarudi jikoni. Chai ilikuwa moto. Nilisubiri ipoe, kisha nikamshikia kikombe akanywa.